Neno lilipohama ngeli: Yesu, Mugwe na lugha za Mlima Kenya

NENO, tunavyowafundisha watoto darasani, ni nomino ya ngeli ya LI-YA. Neno limesemwa, maneno yamesemwa. Mwanafunzi akithubutu kuandika “neno amesemwa”, kalamu nyekundu inapita hapo hapo na alama inakwenda zake. Lakini hebu fungua Biblia ya Kiswahili ya Muungano, ile iliyotoka kamili mwaka 1952 na ambayo wengi wetu tumelelewa nayo, uende moja kwa moja hadi Injili ya Yohana, sura ya kwanza. Pale ambapo sarufi inadai “lilikuwa”, watafsiri wameandika “alikuwa”. Neno limefunga virago, limetoka LI-YA na kuhamia A-WA, kwa watu na viumbe wenye uhai.

Hawakupitiwa. Walijua sarufi vizuri sana. Kiambishi kile kimoja, a- badala ya li-, kimebeba fundisho zima ambalo Wakatoliki huliita Umwilisho: kwamba yule ambaye Wakristo humwita Neno hakuwa sauti tu wala amri tu, ni nafsi hai, na kwamba nafsi hiyo ilitwaa mwili ikawa mtu. Kiingereza au Kigiriki hakina ngeli kama zetu. Kwa Mbantu swali halikwepeki. Kabla hujamaliza sentensi ni lazima uamue: huyu unayemtaja ni kitu au ni mtu?

Mimi ni mtu wa lugha, si padri wala mchungaji. Sitaki kumshawishi yeyote aamini au asiamini. Ninachotaka leo ni tulifuate Neno hilo hadi miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya, kwa Wameru na Waembu, tuone lilipokewaje na lugha zilizolitangulia. Maana kuna dhana imeenea, eti mabishano kuhusu uungu na utu wa Kristo ni ya maaskofu wa Kigiriki wa kale, yasiyotuhusu ndewe wala sikio. Nadhani historia ya Meru na Embu inasema vingine.

Tuanze na tarehe. Waingereza waliivamia Embu kwa bunduki mwaka 1906, na mwaka 1908 wakafungua boma Meru. Wamisionari walifuata nyuma kwa karibu. Mwaka 1910 Waanglikana wa CMS walikuwa Kigari, Embu. Mwaka 1911 mapadri wa Consolata kutoka Italia walifika Meru, na mwaka 1912 Wamethodisti wakaanza kazi huko huko, wakitokea kwenye misheni yao ya pwani iliyoanzishwa Ribe mwaka 1862. Chogoria, daktari Archibald Irvine wa misheni ya Kiskoti aliwasili mwaka 1922. Kila kundi lilikuwa na katekisimu yake, nyimbo zake na ugomvi wake na jirani. Lakini wote walikabiliwa na kazi moja: kuyapata maneno.

Jina la Mungu halikuwasumbua sana. Wameru walikuwa na Murungu, na walikuwa pia na Ngai. Waembu walimwita Ngai, na vilevile Mwene Njeru, mwenye weupe na mwanga, wakimwelekea mlimani wakiomba. Ngai ni jina lililoazimwa kwa Wamaasai, ambao husema Enkai. Na huko Umaasaini kiambishi cha mwanzo ni cha jinsia ya kike, jambo ambalo waazimaji hawakulibeba. Murungu nalo ni ndugu wa damu wa Mungu wetu wa Kiswahili. Wagiriama na Wakamba husema Mulungu. Kiswahili kiliangusha ile l ya katikati, kama kilivyofanya njala ikawa njaa, tukapata Muungu, kisha Mungu. Katika Kimeru ile l ni r. Kwa hiyo Mmeru aliyemsikia mwalimu kutoka pwani akisema “Mungu” hakuwa anasikia jina geni. Alikuwa anasikia jina la nyumbani kwao, limekatwa katikati.

Tena jina hilo lina siri yake ya kisarufi. Wingi wa mtu ni watu, lakini wingi wa Mungu ni miungu, kama mti na miti. Umbo lake ni la ngeli ya miti na mito, ila upatanisho wake katika umoja ni wa mtu: Mungu anapenda, Mungu anasikia. Maana yake ni kwamba kuhama ngeli hakukuanza na Yohana. Wahenga wetu wa Kibantu walikuwa wameshamhamisha Mungu kutoka U-I kwenda A-WA, karne nyingi kabla ya meli ya kwanza ya misheni kutia nanga Mombasa.

Biblia ya Kimeru ilipotoka kamili mwaka 1964, Mungu ndani yake ni Murungu. Embu kwa miaka mingi ilisoma Biblia ya Kikuyu, iliyokamilika mwaka 1951, na humo Mungu ni Ngai. Hapo kila mtu aliridhika. Mungu alikuwa mwenyeji.

Kazi ngumu ilikuwa Yesu.

Chukua neno “mwili”. Kigiriki cha Agano Jipya kina maneno mawili: soma, yaani kiwiliwili, na sarx, yaani nyama na udhaifu wake wote. Yohana alichagua lile la pili, lile zito. Kiswahili kingesema nyama, lakini nyama kwetu inanukia bucha. Basi ikawa “mwili”, na Kimeru nacho kina “mwiri”, jamaa wa karibu. Neno likapungua ukali kidogo. Hata hivyo, katika nchi ile mwili ulikuwa na uzito wake mwenyewe. Kabla ya ukoloni kutia amri zake, maiti za watu wengi hazikuzikwa. Zilipelekwa porini zikaachiwa fisi. Ni wachache tu waliozikwa, hasa wazee wenye heshima. Maiti ilikuwa najisi, na aliyeigusa alihitaji kutakaswa. Sasa anakuja mgeni na kusema Mwenye Mlima alitwaa mwili, mwili huo ukawa maiti, ukashikwa kwa mikono na kulazwa kaburini. Sisi tuliozoea habari hiyo tangu utotoni hatuoni ajabu. Mzee wa Igoji au wa Runyenjes aliyeisikia mara ya kwanza alikuwa na haki ya kuuliza: ati Murungu amefanya nini?

Au chukua maneno “mtu kamili”. Imani ya kanisa ni kwamba Kristo ni Mungu kamili na mtu kamili. Kamili kwa vipi? Kwa Mmeru, mwanamume hakamiliki kwa kuzaliwa. Asiyetahiriwa aliitwa muiji, hata ndevu ziwe zimemjaa kidevuni. Hakuwa na kauli barazani wala hakuoa. Kisu cha tohara, uvumilivu wake na mafunzo yake ndivyo vilivyomtoa kwenye utoto. Ni kweli Injili ya Luka inasimulia kwamba Yesu alitahiriwa, lakini akiwa na siku nane tu! Mtoto wa siku nane hawezi kuonyesha ushujaa. Kwa hiyo neno “kamili”, ambalo kwa mwanatheolojia lilikuwa suala la asili, mlimani lilikuwa suala la rika na jando. Neno lile lile, mizani mbili tofauti.

Hapa ndipo namleta Mugwe.

Tunamfahamu zaidi kupitia kitabu cha Bernardo Bernardi, padri wa Consolata na mwanaanthropolojia, kilichochapishwa mwaka 1959 na ambacho jina lake linamtaja Mugwe kuwa nabii anayefifia. Katika makundi kadhaa ya Wameru, wakiwemo Waimenti, Watharaka na Wachuka, Mugwe alikuwa mtu mwenye cheo kitakatifu. Hakuwa mfalme, hakuwa na askari. Alilima, alioa, alizaa kama watu wengine. Lakini baraka yake ndiyo iliyowapa watu uhai na amani. Mambo makubwa ya jamii hayakufanywa bila hiyo. Na nguvu ya kubariki ilikaa katika mkono wake wa kushoto. Mkono huo aliufunika. Haikuwa ruhusa watu wauone.

Masimulizi ya asili ya Wameru yanamweka kiongozi wa namna hiyo kwenye mwanzo wa taifa lao. Wanasema walitoka mahali paitwapo Mbwa, ambapo wanahistoria kadhaa wamepatafuta katika visiwa vya pwani ya kaskazini. Huko walitawaliwa na Nguo Ntune, watu wa nguo nyekundu, waliowatesa kwa masharti yasiyowezekana. Wakatoroka usiku, wakafika majini, na kiongozi wao akayapiga maji kwa fimbo yakagawanyika. Waliovuka usiku, waliovuka alfajiri na waliovuka jua likiwa limechomoza ndio koo nyeusi, nyekundu na nyeupe. Ndiyo, kinafanana sana na kisa cha Musa, na mfanano huo umewashughulisha watafiti hadi leo. Mimi sitaukata mjadala huo hapa. Jambo ninalolishika ni kwamba Wameru walikuwa na picha ya mwokozi: mtu wa kawaida, mwenye mwili kama wetu, aliyebeba ndani ya kiungo kimoja nguvu isiyo ya kawaida.

Je, Yesu ni Mugwe? Ukimwambia Mmeru hivyo, anakuelewa mara moja. Anapata mtu wa baraka, mpatanishi, mkombozi aliyevusha watu wake. Lakini ngoja kidogo. Mugwe hakuwa Murungu. Alibeba nguvu ya Murungu, jambo ambalo ni tofauti. Ukiishia hapo, umefika alipofika Arius, kasisi wa Aleksandria, aliyefundisha kwamba Mwana ni kiumbe, mkubwa kuliko viumbe wote, lakini kiumbe. Ni kwa sababu ya mafundisho hayo maaskofu walikutana Nikea mwaka 325. Haya, tuseme unaogopa kosa hilo, unasema Yesu ni Murungu mwenyewe aliyejitokeza kwa sura ya binadamu tu. Sasa umewaangukia wale wa karne za mwanzo waliodai mwili wake ulikuwa kama kivuli, hakuumia kweli, hakufa kweli. Kati ya mashimo hayo mawili ndipo mtaguso wa Kalsedonia, mwaka 451, ulipochonga njia nyembamba: nafsi moja, asili mbili, zisizovurugana wala kuachana.

Umeona? Mabishano ya Nikea hayakuhitaji kuletwa Meru kwa meli. Yalikuwa yanangoja hapo, ndani ya uchaguzi wa cheo kimoja cha kumpa Yesu. Isitoshe, Kiswahili kilichoyapokea kilikuwa na kichekesho chake: nafsi na asili ni maneno ya Kiarabu, yaliyotufikia kwa njia ya Waislamu wa pwani, watu ambao humheshimu Isa bin Mariamu kama mtume na hawakubali kabisa kwamba ni Mungu. Fundisho likavaa nguo zilizoshonwa na wanaolikataa. Lugha haina kinyongo.

Kuna tofauti moja kati ya Mugwe na Yesu ambayo kila nikiifikiria naiona ni kubwa kuliko zote. Mugwe anaficha mkono. Utakatifu wake unalindwa na kitambaa. Siku ukionekana, umekwisha. Katika Injili ya Yohana, Yesu aliyefufuka anafanya kinyume. Anamnyoshea Tomaso mikono, yenye makovu, na kumwita aiguse. Mmoja ana nguvu kwa sababu haonekani mkono. Mwingine anadai kutambuliwa kwa kidonda. Mkristo wa Tharaka au Imenti aliyemjua Mugwe angeweza kulifahamu fundisho la Umwilisho kwa mfano huu mmoja haraka kuliko kwa kurasa kumi za katekisimu: kwamba Murungu ameufunua mkono.

Wamisionari wa mwanzo hawakuutumia mfano huo kama msingi wa mafundisho yao. Hapa ndipo penye msiba wa habari hii. Waliazima bila wasiwasi jina la Mungu asiyeonekana, Murungu, Ngai. Lakini yule ambaye fundisho lenyewe linasema alikaribia, akawa wa kuonekana na kuguswa, wakamwacha mgeni. Picha zake ukutani zilikuwa za Mzungu mwenye nywele ndefu. Mungu wa mbali akawa wa kwetu. Mungu wa karibu akawa wa kwao. Mambo yalipinduliwa.

Na mwili, kitovu cha fundisho hilo, ndio uliozua ugomvi mkubwa kuliko wote. Mwaka 1929 misheni kadhaa za eneo la mlima zilidai waumini wao waape kuacha tohara ya wasichana. Chogoria, Irvine alisimamia sharti hilo na waumini walio wengi wakajiondoa. Sisemi ukeketaji ulikuwa jambo jema; haukuwa, na madaktari wale waliona madhara yake kwa macho yao. Nasema waliokuja kuhubiri Mungu aliyetwaa mwili walizungumza juu ya miili ya watu kwa lugha ya amri na viapo, na watu wakajibu kwa kuondoka. Makanisa na shule za kujitegemea zikachipuka Ukikuyuni na kuenea hadi Embu.

Ilipofika Hali ya Hatari, mwaka 1952 hadi 1960, gharama ilionekana wazi. Wapiganaji wa Mau Mau, ambao Embu na Meru ziliwatoa kwa wingi, walichukua tuni za nyimbo za kanisani na kuzitia maneno mapya, na mahali pa jina la Yesu wakaweka la Jomo Kenyatta. Wengine wataita hilo kufuru. Mimi nalisoma kama mwanalugha: nafasi ya mkombozi katika sentensi ilibaki wazi, wakaijaza kwa jina la mtu waliyemwona kuwa wao. Upande wa pili walikuwako Wakristo Waafrika waliokataa kiapo kwa ajili ya Yesu huyo huyo na kuuawa. Kwao hakuwa Mzungu hata kidogo. Katika kanisa kuu la Murang'a, lililojengwa kuwakumbuka waliokufa hivyo, Elimo Njau, mchoraji aliyezaliwa Marangu, alichora mwishoni mwa miaka ya 1950 michoro mitano mikubwa ukutani. Ndani yake Yesu ni Mwafrika, na mandhari ni ya vilima vya mlimani. Brashi ilisema jambo ambalo katekisimu ilisitasita kulisema.

Wasomi wakaja baadaye. John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, jirani tu, alionyesha kwamba Waafrika wengi hawakuwa na simulizi la mwokozi atakayekuja siku za mbele. Kwa Wameru naona hoja hiyo inaingia barabara: mkombozi wao yuko nyuma, kwenye maji ya Mbwa, na haambiwi kwamba atarudi. Charles Nyamiti, padri wa Tanzania aliyefundisha Nairobi kwa miaka mingi, alipendekeza katika kitabu chake cha 1984 kwamba Kristo aeleweke kama mhenga wetu. Naye Jesse Mugambi, aliyezaliwa Embu mwaka 1947 na kuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Nairobi, alihariri mwaka 1989 pamoja na Laurenti Magesa wa Tanzania kitabu cha makala kuhusu Yesu katika Ukristo wa Afrika. Mugambi amesisitiza katika maandishi yake kwamba Injili isichanganywe na utamaduni wa aliyeileta.

Nakubaliana naye, ila naongeza tahadhari ya mtu wa lugha. Kila cheo tunachompa Yesu, iwe Mugwe, mhenga, mganga au mzee wa baraza, kinafika mahali kinakatika. Mhenga hupata heshima yake kwa kuacha uzao. Yesu hakuacha mtoto. Mganga hulipwa. Mugwe huficha mkono. Sioni kukatika huko kuwa sababu ya kutupa vyeo hivyo. Hata “mwana” na “neno”, vyeo tulivyovirithi kutoka Kiebrania na Kigiriki, hukatika vilevile, ndiyo maana maaskofu walibishana zaidi ya karne moja. Pale cheo kinapokatika ndipo msikilizaji anapogundua jipya analoambiwa. Asiyemjua Mugwe hawezi kushangazwa na mkono uliofunuliwa.

Kwa hiyo ninapowaona vijana wa Meru na Embu leo, Kimeru na Kiembu vikiwaponyoka, wakiimba nyimbo za Kiingereza kanisani Jumapili, sina hofu ya mila tu. Naona wanapoteza vipimo. Fundisho gumu kuliko yote ya Ukristo linahitaji lugha yenye historia ndani yake, lugha ambamo “mtu kamili” ni neno lenye kisu na damu, na “mwiri” ni neno la kuogopwa. Ukiliweka katika lugha uliyojifunza juzi kwenye simu, linateleza tu, halikwaruzi popote. Anayelikubali halikubali kwa uzito wake, na anayelikataa hajui amekataa nini.

Watafsiri wa mwaka 1952 walivunja upatanisho wa kisarufi kwa makusudi, kwa herufi moja, ili msomaji ashtuke. Sisi tumesoma mara nyingi hadi hatushtuki tena. Mwalimu wa Kiswahili atakayesimama darasani kesho kufundisha ngeli ya LI-YA anaweza kuwaonyesha wanafunzi sentensi hiyo na kuwauliza: kwa nini hapa ni “alikuwa”? Awe Mkristo, Mwislamu au asiye na dini, mtoto atakayelijibu swali hilo vizuri atakuwa ameelewa ngeli, na ameelewa kilichobishaniwa Nikea.